Mficha Uchi Hazai: Maneno kwa Wahitimu wa Ususi, Kibaha

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi wenzangu mliotoka Mlandizi, Chalinze na kwingineko, na ninyi wanangu wahitimu mliokaa hapa mbele na nywele mlizosukana wenyewe usiku kucha: hongereni sana.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka 32, na 14 ya mwisho nilikuwa kwenye kliniki ya wanandoa wanaotafuta mtoto. Mwalimu wenu aliponialika alitarajia nizungumzie uzazi wa mpango. Nikamwomba aniruhusu nizungumzie vile vikopo vya dawa za nywele vilivyopangwa kwenye rafu ya darasa lenu, na mambo mengine yanayofanana navyo ambayo tunaishi nayo nyumbani na shambani. Kuna kemikali zinazoingia mwilini zikavuruga homoni, na homoni zikivurugika uzazi nao unaguswa. Nilichelewa kulijua jambo hili. Sitaki ninyi mchelewe.

Nianze na wanandoa wawili niliowahudumia. Binti aliletwa na mama mkwe wake. Ndoa ilikuwa na miaka sita, mtoto hakuna. Alikuwa ameshanyweshwa mitishamba ya kila rangi, ameshakandwa tumbo, ameshaambiwa kizazi kimefunga, na pale kijijini alikuwa ameshapewa jina. Mnalijua jina lenyewe: tasa. Nikauliza, mume yuko wapi? Mama mkwe akajibu, "Mwanangu ni mzima, ana nguvu, analima." Ilichukua miezi minane kumpata huyo mume akae kwenye kiti mbele yangu. Alikuwa mkulima wa nyanya bondeni, karibu na mto Ruvu. Nikamwomba anisimulie siku yake ya kupulizia dawa. Anachanganya kwenye ndoo kwa mkono. Bomba analibeba mgongoni, nalo linavuja, shati linalowa hadi kiunoni, na anarudi nalo nyumbani jioni mke alifue. Hana buti wala glavu. Kipimo kilipotoka, mbegu zake zilikuwa chache mno.

Siwezi kuapa kwamba ni dawa ya nyanya iliyozipunguza. Mbegu hupungua kwa mambo mengi: matumbwitumbwi yaliyomkuta kijana amebalehe, mishipa ya korodani iliyovimba, maambukizi, sigara. Ninachojua ni kwamba kwa miaka sita hakuna aliyemuuliza yule baba swali hata moja, na mkewe alikunywa dawa za ugonjwa ambao haukuwa wake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo nataka tuliangalie neno hilo kwa karibu, maana nimekuja kugundua kwamba mengi tunayoyajua kuhusu kemikali hizi yalianza na mtu wa kawaida aliyekubali kusema jambo la aibu kwa sauti.

Kwanza tuelewane homoni ni nini. Mwili wako ni kama mtaa wenye mjumbe. Ubongo hauwezi kwenda wenyewe kwenye mfuko wa mayai ukasema "pevusha yai". Unatuma mjumbe kupitia damu, naye anafika mlangoni na barua yenye mhuri. Mfuko wa mayai unautazama mhuri, unafungua, unatii. Estrojeni, projesteroni, testosteroni, zote ni wajumbe wa namna hiyo. Na ni wachache sana. Homoni kwenye damu hupimwa kwa sehemu za bilioni moja ya gramu, nyingine kwa sehemu za trilioni. Sasa akitokea mtu mwenye mhuri wa kughushi, mlango utamfungulia. Ziko kemikali zinazojifanya estrojeni. Ziko zinazosimama mlangoni zikamzuia mjumbe wa kweli asipite. Na ziko zinazovuruga kule mjumbe anakotengenezwa. Ndiyo maana mtu akiniambia "lakini kiasi chenyewe ni kidogo", huwa namjibu kwamba homoni zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo.

Jambo la pili ni wakati. Kwa mtu mzima, mengi ya madhara haya yanaweza kupungua ukiachana na kemikali yenyewe. Kwa mwanamume, mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo ana nafasi ya kuanza upya mara kwa mara. Lakini kwa mtoto aliye tumboni, viungo vya uzazi vinajengwa mara moja tu. Kwa mtoto wa kiume, kipindi kizito ni kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito, wakati testosteroni inapotakiwa ifike na ifanye kazi yake. Hapo mama wengine hawajaenda kliniki hata mara moja. Wengine hawajamwambia hata mume.

Na kwa mtoto wa kike kuna jambo ambalo kila nikilisema mwili wangu husisimka. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote. Hatengenezi mengine baadaye. Maana yake, bibi yako alipokuwa na mimba ya mama yako, lile yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa tayari humo ndani. Bibi, mama na mjukuu walikaa tumbo moja. Kilichomgusa bibi kiliwafikia watatu.

Haya si maneno ya kutishia watu. Yaliwahi kutokea. Mwaka 1938 wanasayansi wa Uingereza, akiwemo Charles Dodds, walitengeneza estrojeni ya kiwandani iliyoitwa dietilistilbestroli, kwa kifupi DES. Marekani ikapewa wajawazito kwa mamilioni, kwa matumaini ya kuzuia mimba zisiharibike. Mwaka 1953 utafiti uliofanyika Chicago ulionyesha kwamba haizuii chochote, lakini iliendelea kuandikwa. Kisha Boston wakatokea wasichana wadogo, wa miaka 15 hadi 22, wenye saratani ya uke ya aina ambayo madaktari hawakuzoea kuiona kwa umri ule. Walikuwa wanane. Madaktari walihangaika kutafuta chanzo, na aliyewafungua macho alikuwa mama wa mmoja wa wagonjwa, aliyeuliza kama yawezekana ikawa ni ile dawa aliyokunywa alipokuwa na mimba ya binti yake. Wakaanza kuwauliza na mama wengine. Kati ya mama wanane, saba walikuwa wameinywa. Daktari Arthur Herbst na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1971, na mwaka huohuo serikali ikaonya isipewe tena wajawazito. Mabinti wengine wengi hawakupata saratani, lakini walikua na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida, wakapata shida ya kushika mimba, mimba kutunga nje ya kizazi, na watoto njiti.

Mfikirieni mama yule. Kuuliza swali lile ni kukubali kwamba mkono wako mwenyewe ndio ulioipeleka dawa kinywani. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliuliza, na mabinti wangapi wameokoka kwa swali lake.

Wanaume nao. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha viuatilifu mji wa Lathrop, California, wafanyakazi walikuwa wakipiga soga, wakajikuta wanaambiana kitu ambacho wanaume hawaambiani: kwamba kila mmoja anatafuta mtoto na hapati. Walikuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP. Walipopimwa wanaume 25 ambao hawakuwa wamefunga uzazi, 11 walikuwa na mbegu chini ya milioni moja kwa mililita, kiasi ambacho mtoto ni vigumu mno kupatikana, na wote hao walikuwa wameishika kazi hiyo kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa haki ya maelezo niseme kwamba DBCP haikughushi mhuri wa homoni kama DES. Iliharibu zile seli zenyewe zinazozaa mbegu. Lakini kinachoniuma ni hiki: tangu mwaka 1961 ilishaandikwa kwamba dawa hiyo inasinyaza korodani za panya. Ilijulikana miaka 16, ila waliokuwa wakiichanganya kwa mikono yao hawakuambiwa. Na Marekani ilipoanza kuizuia, mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati yaliendelea kuitumia, na maelfu ya vibarua wakaja kusema mahakamani kwamba imewanyima uzazi.

Msione ni habari za mbali. Hapa tulipokaa, Vikuge ni jirani. Wazee mnakumbuka miaka ya 1980 zilipoletwa dawa za kilimo ambazo nyingine zilikuwa zimeshapitwa na muda, zikawekwa kwenye ghala la shamba, ghala likabomoka, mvua ikanyesha juu yake. Ndani yake ilikuwemo DDT, dawa ya kuua wadudu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja baadaye wakapima udongo na kuikuta. DDT haiozi haraka. Inakaa kwenye udongo, inapanda kwenye majani, inaingia kwenye mafuta ya ng'ombe na ya binadamu, na inatoka kwenye maziwa ya mama. Huko Limpopo, Afrika Kusini, watafiti waliwachunguza watoto wa kiume 3,310, wakachapisha mwaka 2009 kwamba mama walioishi kwenye vijiji vilivyopuliziwa DDT majumbani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 33, wa kuzaa mtoto wa kiume mwenye hitilafu kwenye viungo vya uzazi na njia ya mkojo.

Hapa nisieleweke vibaya. DDT ile ilipuliziwa kuzuia malaria, na mimi nimewafumba macho wajawazito waliouawa na malaria. Sitamwambia mtu yeyote akatae kupuliziwa nyumba au asilale kwenye chandarua. Na maziwa ya mama yabaki kuwa maziwa ya mama: mnyonyesheni mtoto. Ninachosema ni kwamba mjamzito asikae ndani wakati wa kupulizia, vyombo na chakula vitolewe nje, na mume anayetoka shambani avue nguo mlangoni, aoge kabla hajambeba mtoto, na nguo zile zisifuliwe pamoja na nepi.

Sasa nije kwenu, wanangu, maana ninyi ndio mlionileta.

Wiki iliyopita nilipita darasani kwenu, nikamkuta mmoja wenu anamweka mwenzake dawa. Aliipaka Vaseline vizuri kwenye mstari wa nywele na kwenye masikio, kama alivyofundishwa. Lakini mikono ilikuwa mitupu, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani, na mwenzake alikuwa amejikuna kichwa jana yake. Baada ya dakika kumi akaanza kusema, "inaniunguza, lakini acha ishike." Acha ishike! Sentensi hiyo nimeisikia saluni tangu nikiwa msichana. Ngozi ya kichwa ikiungua, mlango umefunguliwa. Kilichomo kwenye kikopo hakiishii tena kwenye nywele.

Na kimo nini? Zaidi ya ile dawa kali inayonyoosha, bidhaa nyingi za nywele zina parabeni za kuzuia zisiharibike, na zina thaleti, ambazo husaidia harufu idumu. Thaleti hamtaikuta imeandikwa waziwazi. Mara nyingi hujificha nyuma ya neno moja tu kwenye chupa, "parfum" au "fragrance". Thaleti ni miongoni mwa zile zinazoidhoofisha kazi ya testosteroni. Mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake huko Marekani waliwapima watoto wa kiume, wakaona kwamba mama aliyekuwa na thaleti nyingi kwenye mkojo wakati wa ujauzito, mtoto wake alielekea kuwa na dalili ndogo kwenye maumbile kwamba testosteroni haikufanya kazi yake sawasawa tumboni.

Kuhusu dawa yenyewe ya kunyoosha nywele, mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wanawake zaidi ya 33,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Wasiowahi kuitumia, ilikadiriwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Waliotumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hii unaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja, haujathibitisha kwamba moja limezaa lingine, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Lakini ninyi mjiulize: mteja anayeritachi kila baada ya wiki sita anafika mara nane kwa mwaka. Je, wewe unayeishika dawa hiyo mara nane kwa siku?

Na watoto! Naomba hapa niwe mkali kidogo kama mzazi. Sikukuu ikikaribia, Idi au Krismasi, au mahafali ya chekechea, mnaletewa mtoto wa miaka mitano awekwe dawa "apendeze kwenye picha". Mwanangu, kataa. Msuke. Mikono yako inajua twende kilioni, inajua mabutu, inajua kila aina ya ususi ambao bibi zetu waliupendezea bila kikopo. Mama yake atakasirika, ataenda saluni ya pili. Mwache aende. Na wewe mama uliyekaa hapa, usimpeleke saluni ya pili.

Kwenu wenyewe naomba mambo machache. Vaeni glavu kila mara, hata mteja akiwa dada yako. Fungueni dirisha, vumbi linapanguswa. Msile chipsi kwa mikono iliyotoka kwenye dawa. Mteja mwenye kidonda au aliyejikuna, mrudisheni nyumbani. Akisema inaunguza, osheni. Na ukijihisi una mimba, mwambie mwajiri wako mapema, ubaki kwenye kusuka na kuosha, mwingine ashike dawa. Najua kuna waajiri watakaonuna. Ndiyo maana nayasema mbele ya Mkuu wa Chuo, ili tulibebe pamoja.

Msikate tamaa, maana kuna habari njema, nayo ilitoka kwa wasichana wa umri wenu. Huko Salinas, California, eneo la mashamba, mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wasichana 100, na vijana wa palepale walishiriki kuufanya. Wasichana walipimwa mkojo, wakabadilisha vipodozi, shampuu na sabuni kwa siku tatu tu, wakatumia visivyo na kemikali hizi, wakapimwa tena. Kiasi cha thaleti ya manukato kilishuka kwa asilimia 27. Parabeni mbili kuu zilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Siku tatu! Hizi si kama DDT. Mwili unazitoa haraka. Tatizo letu ni kwamba tunazirudisha kila asubuhi.

Jikoni nako mkapatazame. Tunapika wali, tunaufunika kwa nailoni ili uive vizuri, tunaweka na mfuniko juu. Ile nailoni inajikunja kwa moto, mvuke unadondoka kutoka kwenye plastiki hadi kwenye wali, na tunasifu ulivyoiva. Plastiki ikipata moto, na chakula kikiwa na mafuta, kemikali zinazohamia kwenye chakula ni nyingi zaidi. Mifuko ya kubebea tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kufunikia wali haikuondoka jikoni, na chai ya moto bado inafungwa kwenye vifuko. Jani la mgomba lipo. Na kama kuna aliyerithi kawa kwa bibi yake akaitundika ukutani kama pambo, aishushe ifunike chakula mezani, badala ya ile nailoni.

Ningewadanganya kama ningewaacha mkidhani kila aliyekosa mtoto amekoseshwa na kemikali. Kwenye kliniki yangu, mirija iliyoziba kwa sababu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa mapema ilikuwa sababu kubwa kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani. Wengi wao wana jambo linaloweza kupimwa, na baadhi linaweza kutibiwa. Ila kipimo kianze na wote wawili. Cha mwanamume ndicho rahisi kuliko vyote: kikopo kimoja safi na dakika chache. Mwanamke tunampitisha kwenye picha za mirija zenye maumivu kabla ya kumwomba mumewe kikopo.

Nawaambia haya ninyi wasusi kwa sababu mwanamke akikaa kwenye kiti chenu saa nne akisukwa, husema yale ambayo kliniki hayasemi. Nilikuwa na faili lake, ninyi mtakuwa na sikio lake. Akisema ana miaka mitatu hajashika mimba, usimtajie mganga. Muulize mume wake anafanya kazi gani. Muulize kama wameshaenda wote wawili hospitali.

Yule binti wa Ruvu bado tunasalimiana. Hawajapata mtoto. Mumewe anaendelea kulima nyanya, ila amenunua bomba jipya, anavaa buti, na shati la dawa analifua mwenyewe. Siku moja sokoni alimsikia jirani akimwita mkewe lile jina. Akasimama mbele ya watu akasema, "Mwenye tatizo ni mimi." Mkewe alinisimulia habari hiyo kwa simu huku analia, na nami upande wa pili nikalia.

Mkishapokea vyeti, nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja jioni. Njooni na vikopo mnavyotumia, nina miwani, tutasoma lebo moja moja. Wazazi pia karibuni. Akina baba, nimewawekea viti upande wa pili, kwenye kivuli, mbali kidogo na watu.